Ngwenya: mgodi uliofungwa mlima ukiwa bado mwekundu

Nikitaja tu kazi yangu ya miamba hapa Tanga, swali la Liganga halikosi: chuma chote kile kule Ludewa, mbona hakichimbwi? Jibu langu huanzia mbali, Ngwenya, nchini Eswatini.

Ngwenya walichimba tangu zama za mawe. Katika pango la Lion Cavern walifuata ngeu, ile rangi nyekundu ambayo maseremala wa zamani walipigia mistari. Machimbo hayo hukadiriwa kuwa na miaka 43,000 hivi. Wekundu wake ni hematiti, ambayo ikiwa safi karibu asilimia 70 ya uzito wake ni chuma. Kuitambua ni rahisi: chukua kigae cha bafuni, kigeuze upande wa nyuma usiong'aa, sugulia jiwe lako hapo. Hematiti, hata ikiwa nyeusi kwa nje, huacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka. Magnetiti, jiwe jingine la chuma, huacha mstari mweusi, nayo hunasa sumaku.

Ila jiwe zuri peke yake halifungui mgodi. Uchimbaji wa kisasa ulianza 1964 kwa sababu Japani ilikuwa tayari kununua, na mwaka huohuo reli ya kwanza ya nchi ile ikafunguliwa ili mzigo ufike bandari ya Lourenço Marques, Maputo ya leo. Wana Tanga tunalielewa hili. Reli yetu, iliyoanza kujengwa 1893, nayo ilifuata mashamba. Lakini mkonge ulivumilia kupakiwa kwa matishari, meli ikiwa imetia nanga nje. Mawe ya chuma bei yake kwa tani ni ndogo mno kubeba gharama ya kupakiwa mara mbili.

Mwaka 1977 Ngwenya ikafungwa. Mawe yenye chuma kingi yalikuwa yamechimbwa, na soko la chuma lilikuwa limelegea baada ya mafuta kupanda bei 1973. Kampuni nyingine ilikuja 2011 kuchambua marundo ya mabaki. 2014 bei ikaporomoka, kazi ikasimama. Reli yenyewe ilinusurika kwa kuunganishwa na Afrika Kusini, ikabeba mizigo ya wengine.

Liganga ina shida ya ziada: ni magnetiti yenye titani, metali nyingine, na titani ikizidi, mavi ya chuma, yaani taka zinazoyeyuka na kujitenga na chuma, huwa mazito tanuruni, hayatiririki. Kwa hiyo anayeahidi mgodi pale muulizeni kwanza atatumia tanuru gani, kisha mzigo utapita wapi hadi Mtwara. Tani zilizomo ardhini mimi ningeziulizia mwisho.