Sarafu ya Kirumi: Isome Kwanza, Kusafisha Baadaye

Sarafu nyingi za Kirumi zinazowafikia wakusanyaji ni vipande vidogo vya shaba nyeusi vya karne ya 4 BK, na nyingi huharibikia mikononi mwa wenyewe kabla hazijatambuliwa. Mtu huona uchafu, akaitosa sarafu kwenye siki au ndimu, kisha akaisugua kwa brashi ya waya. Tindikali hula utando wa kijani au kahawia uliojengeka kwa karne nyingi. Mara nyingi herufi zimebaki ndani ya utando huo tu, hivyo ukitoka nazo hutoka.

Anza na mizani ya sonara, rula na lenzi. Fedha ya gramu 3 hadi 4, yenye upana wa milimita 18 hivi, huenda ni dinari, ile inayotajwa katika Injili. Shaba ya manjano yenye gramu 25 hivi ni sestertio. Mfalme akivaa taji la miale kwenye sarafu ya fedha, hiyo ni antoniniani, iliyoanzishwa na mfalme Caracalla mwaka 215. Kufikia enzi ya Claudius II (268–270) ilikuwa karibu shaba tupu.

Sasa soma maandishi ya pembeni. Kwa kawaida huanzia chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa, bila nafasi kati ya maneno, na V husimama mahali pa U. Cheo cha konsuli (afisa mkuu wa Roma), COS, pamoja na namba ya mara alizokishika, husaidia kupata tarehe: COS V kwenye dinari ya mfalme Trajan ni kati ya 103 na 111.

Chukua shaba ya milimita 17 yenye askari wawili, bendera mbili katikati yao, na maneno GLORIA EXERCITVS (utukufu wa jeshi). Ni ya miaka ya 330 hadi 335 hivi. Ikiwa bendera ni moja, ni ya baadaye kidogo. Geuza upande wa kichwa. CONSTANTINVS MAX AVG ni mfalme Konstantino mwenyewe, CONSTANTINVS IVN NOB C ni mwanawe mwenye jina hilohilo. Wengi hukosea hapa kwa kuishia kwenye jina la kwanza. Chini ya miguu ya askari kuna alama ya kiwanda kilichopiga sarafu: SMANA ni Antiokia, SMALA ni Aleksandria. Herufi moja iliyofutika inahamisha sarafu kutoka Siria hadi Misri, kwa hiyo imulike taa kutoka ubavuni.

Ukilazimika kusafisha shaba, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, uyabadilishe kila baada ya siku moja au mbili, hata kwa wiki kadhaa, kisha uondoe udongo kwa kijiti cha mti chini ya lenzi. Unga wa kijani kibichi unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba, unaotokana na kloridi ikikutana na unyevu. Itenge sarafu hiyo, uiweke pakavu pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, maana hutoa asidi.

Sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari wa kiungo ukingoni, vitundu vya hewa na herufi butu. Lakini dinari nyepesi inayoonyesha shaba penye mkwaruzo usiitupe upesi: Warumi wenyewe walikuwa na wagushi waliopaka fedha juu ya shaba, na wakusanyaji huzitafuta hizo pia.