Mama kantini wa jeshi la Ufaransa

Kila nikionyesha picha yake darasani, mwenye sketi fupi juu ya suruali nyekundu na kipipa begani, swali la kwanza ni lilelile: "Huyu si malaya wa kambini?" Hapana. Ni mfanyabiashara mwenye kibali, na kibali kimetolewa na jeshi lenyewe. Wafaransa walimwita cantinière, kutokana na cantine, neno lilelile lililotufikia sisi likawa kantini. Basi mimi humwita mama kantini.

Zamani za wafalme, ruhusa ya kuuza ilikuwa ya askari wanane kwa kila rejimenti, yaani kikosi kikubwa cha jeshi. Lakini askari yuko zamu, yuko gwarideni. Atauza saa ngapi? Kazi ikawa ya mkewe. Wakubwa walijua, wakanyamaza, maana iliwafaa. Jeshi lilitoa mkate na mshahara kiduchu. Tumbaku, sabuni, sindano na uzi, karatasi ya barua, kileo cha kupasha mwili: hayo askari ajitafutie. Akitoka kwenda kuyatafuta vijijini, ama ataiba kuku wa watu, ama hatarudi kabisa. Afadhali duka limfuate yeye.

Ndiyo maana tarehe 30 Aprili 1793, serikali ya Mapinduzi ya Ufaransa ilipowatimua wanawake jeshini, iliwabakiza wa aina mbili tu: wafua nguo na hawa wauzaji.

Sharti kubwa lilikuwa ndoa: awe mke wa askari wa kikosi hichohicho. Mume akiuawa, hapakuwa na eda ndefu. Aolewe upesi na askari mwingine, la sivyo nafasi yake inakwenda. Kuna wanaolisimulia hili kama kichekesho. Mimi silioni hivyo. Mtaji ulikuwa wake, na wadeni wake, askari waliomkopa, ni watu wanaoweza kufa kesho asubuhi.

Kipipa nacho kinapotosha. Nimekitazama kimoja kwa karibu: vibao vilivyopindwa, rangi za bendera, bomba dogo, mkanda wa ngozi. Hakitoshi kuwa duka. Duka lilikuwa mkokoteni na hema. Kipipa kilikuwa cha siku ya mapigano, alipopita kwenye safu akimimina brandi, mara nyingi bila kudai senti.

Askari wa muda mfupi walipozidi, wenye ndoa wakapungua. Mwaka 1890 mama kantini walivuliwa sare, wakapewa gauni la kijivu na kitambaa cha kufunga mkononi. Mwanzoni mwa karne ya 20, kantini zikakabidhiwa wanaume, askari wastaafu.