Sindano na Dawa za Kichina kwa Mtoto: Maswali ya Wazazi

Madaktari kutoka China wamekuwa wakihudumia Zanzibar tangu miaka ya 1960, na baadaye vibao vya "dawa za Kichina" vikaenea katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Watu wazima huenda huko kwa maumivu ya mgongo, presha au kisukari. Wazazi nao wanauliza kama mtoto anaweza kupelekwa.

Akupancha ni nini, na mtoto huchomwaje?

Ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba sana mahali maalumu mwilini. Sindano yenyewe haina tundu wala dawa ndani, na unene wake kwa kawaida ni robo milimita au pungufu. Vitabu vya kale vya China, vyenye umri wa miaka kama 2,000, vinaeleza kwamba nguvu ya uhai iitwayo chi hupita katika njia zake mwilini, na ugonjwa huja njia hizo zikizibika. Wapasuaji hawajawahi kuziona njia hizo. Kinachojulikana ni kwamba sindano husisimua mishipa ya fahamu, na ubongo ukatoa kemikali zinazopunguza maumivu.

Mtoto hatibiwi kama mtu mzima. Akiwa chini ya miaka 3, tabibu wa jadi hategemei mapigo ya kifundo cha mkono ili kutambua ugonjwa, kama afanyavyo kwa mtu mzima. Hukishika kidole cha shahada cha mtoto, akatazama rangi ya mshipa mdogo unaopita ukingoni na umefika pingili ipi. Kisha mtoto hupakatwa, sindano huingia milimita chache na kutoka papo hapo, ilhali mtu mzima huachwa nazo dakika 20 au 30. Japani, hasa Osaka, wana namna yao ya watoto isiyotoboa kabisa: kifaa cha chuma hupitishwa taratibu juu ya ngozi, basi.

Ni salama?

Mikononi mwa aliyeisomea, mara nyingi ndiyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani yalikusanya matukio 279 ya madhara ya akupancha kwa watoto. Kati ya hayo, 253 yalikuwa madogo, kama kulia, maumivu, mchubuko au damu kidogo. Lakini 25 yalikuwa makubwa: maambukizi, vidole gumba vilivyopinda, pafu lililotobolewa, hata moyo uliotoboka. Waandishi waliona kuwa mengi ya hayo makubwa yalitokana na kazi mbovu. Kifua cha mtoto ni chembamba, na milimita chache za uzembe zinatosha kufika kwenye pafu.

Kwa hiyo pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, na sindano ikishatumika itupwe kwenye boksi lake. Anayekuambia ameichemsha jana, mshike mwanao mkono muondoke. Homa ya ini na VVU havihitaji zaidi ya hapo ili viambukize. Utosi wa mtoto mchanga usichomwe. Mtoto mwenye himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda), selimundu au saratani asiguswe na sindano hizi mpaka daktari anayemhudumia aseme. Katika kliniki hizo utakuta pia kuumika, jambo ambalo watu wa pwani tunalijua kwa jina la chuku. Chuku ya kutoa damu haimfai mtoto hata kidogo. Watoto wetu wengi tayari wana upungufu wa damu kwa sababu ya malaria, minyoo na lishe duni.

Inasaidia ugonjwa gani hasa?

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji. Mahali panaposhughulikiwa huitwa Neiguan. Pima upana wa vidole 3 vya mtoto mwenyewe kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono kwenda juu, upande wa kiganja; ni hapo katikati ya kano mbili. Si lazima sindano, kwa kuwa hata kupabonyeza kwa kidole au kwa ukanda maalumu kumefanyiwa utafiti na kuonyesha nafuu. Ila mtoto anayetapika na kuharisha anahitaji ORS na zinki kwanza. Kubonyeza mkono hakurudishi maji mwilini.

Kuhusu kukojoa kitandani, tafiti zipo lakini nyingi ni dhaifu. Kabla ya miaka 5 hilo si ugonjwa. Baada ya hapo, chunguza kama mtoto anafunga choo, apimwe mkojo na sukari, hasa kama alishaacha kisha akaanza tena. Na asichapwe wala kuaibishwa mbele ya wenzake. Hafanyi kusudi, yumo usingizini.

Kichanga anayelia jioni nzima, ambaye wengi husema ana chango, alifanyiwa utafiti Uswidi. Majibu yaliyotolewa mwaka 2017, kwa watoto 147, yalionyesha kilio kupungua kiasi kwa waliochomwa, na wanasayansi wengine wakabishana nayo. Kilio hicho kwa kawaida huisha chenyewe mtoto akifika miezi 3 au 4. Mimi sioni sababu ya kumchoma sindano mtoto wa wiki 5 kwa jambo litakalokwisha lenyewe.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Nimeambiwa vipindi vya sindano vitamfanya atembee.

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, maana mzazi huyu atauza hata kiwanja. Hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba akupancha huponya mtindio wa ubongo, wala usonji. Sehemu ya ubongo iliyoumia haioti upya kwa kuchomwa sindano. Zipo tafiti ndogo, nyingi za China, zinazosema misuli hulegea kidogo au udenda hupungua, lakini hazitoshi kumwahidi mtu kutembea. Anayekuahidi hivyo kwa malipo ya mkupuo anakuuzia tumaini.

Pesa hiyo ina kazi nyingine: mazoezi ya viungo kila wiki pamoja na yale utakayofundishwa kufanya nyumbani, kiti kinachomshika mtoto mgongo wima wakati wa kula, kipimo cha masikio na macho, na dawa za kifafa zisizokatika. Mtoto anayekaa vizuri anapolishwa hapaliwi ovyo, na kupaliwa ndiko kunakomletea nimonia za mara kwa mara.

Na kukanda? Nasikia Wachina wana kukanda kwa watoto.

Wanako, huitwa tuina, na katika tiba yote ya Kichina hiki ndicho kipande ninachokipendekeza bila wasiwasi mkubwa. Bibi zetu wamekanda watoto tangu zamani, kwa hiyo mkono hauhitaji kuzoezwa sana. Katika tuina kila kidole cha mtoto huhusishwa na kiungo cha ndani: gumba ni wengu, cha shahada ini, cha kati moyo, cha pete mapafu, kidogo figo. Huo ni mfumo wao wa kufikiri. Usiuchukue kuwa ramani ya mwili.

Njia maarufu ni kufinya mgongo. Mtoto hulazwa kifudifudi akiwa hajashiba. Ukianzia juu kidogo ya matako, unashika ngozi kwa kidole gumba na vidole viwili, unaikunja polepole ukipanda kandokando ya uti wa mgongo mpaka chini ya shingo. Unarudia mara 3 hadi 5. Shika ngozi, usibonyeze mfupa. Akilia, acha. Usifanye kama ana homa, upele, kidonda au jeraha la kuanguka.

Wachina hulitumia hili kwa mtoto asiyependa kula. Sawa, lakini mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Huyo apelekwe kliniki leo akaanzishiwe chakula dawa.

Dawa zao za miti ni za asili. Zina ubaya gani?

Mimi naiogopa chupa kuliko sindano. Sumu nyingi duniani ni za asili. Miti ya jamii ya aristolokia iliharibu figo za watu Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipopewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mti uliochanganywa kimakosa, na baadaye ikajulikana pia kuwa huleta saratani ya njia ya mkojo. Baadhi ya dawa za kale za kumtuliza mtoto mwenye degedege zina sinabari, madini mekundu yenye zebaki. Mwili wa mtoto ni mdogo na ubongo wake bado unajengeka.

Ipo pia hila ya kuficha dawa ya hospitali ndani ya dawa ya "asili". London, mwaka 1999, madaktari walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakipakwa wagonjwa wa ngozi, watoto wakiwamo. Krimu 8 zilikutwa na deksamethasoni, steroidi kali, yaani dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Ndiyo maana ukurutu ulikuwa ukikauka upesi. Steroidi ya namna hiyo ikipakwa muda mrefu usoni mwa mtoto, ngozi huwa nyembamba. Vivyo hivyo dawa ya pumu isiyo na jina inayotuliza kifua kwa kasi ya ajabu inastahili kutiliwa shaka. Pakiti isiyo na orodha ya vilivyomo, kipimo cha umri wa mtoto na namba ya usajili, isiingie mdomoni mwake.

Mbona dawa mseto ya malaria imetokana na mti wa Kichina?

Ni kweli, na ni heshima kubwa kwa tiba hiyo. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, na wenzake walipekua vitabu vya kale wakitafuta dawa ya malaria. Kitabu cha Ge Hong, tabibu wa kale wa karne ya 4, kilisema mmea wa qinghao uloweshwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Tu akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaikamua kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1972 walipata kiini chake, atemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini tazama ilivyofika kwa watoto wetu. Sindano ya atesuneti, iliyotokana na kiini hicho, ilijaribiwa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Mwaka 2010 majibu yakatoka: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Na vidonge vya dawa mseto ya ALu (atemeta na lumefantrini) hupimwa kwa kilo: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa dozi, wa 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, dozi 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Chai ya majani ya atemisia, yaani ule mmea wa qinghao, haina kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hubadilika na vimelea hubaki.

Mtoto akishikwa na homa kali au degedege, nianzie wapi?

Hospitali. Wapo wanaobonyeza au kuchoma chini ya pua, usiruhusu. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, kisha ondokeni. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke, au mwenye homa akiwa chini ya miezi 2, asipitishwe kwingine kokote njiani.

Nimwambie daktari kwamba tumetumia dawa za Kichina?

Mwambie, hata kama unahofia atakukaripia. Zipo dawa za miti zinazozuia damu kuganda, na nyingine hugongana na dawa za kifafa au za usingizi wa upasuaji. Kama mtoto anasubiri upasuaji, sema mapema, angalau wiki 2 kabla. Jina ulilolisikia kwa mdomo halitamsaidia. Beba pakiti yenyewe, hata iwe imeandikwa Kichina kitupu, pamoja na kilichobaki ndani.