Makala ya kulipiwa haiui blogu

Kwa miaka mingi wanablogu wameonyana: ukipokea hela ya kampuni ukaandika makala, Google itakuzika. Wapo wanaokataa kazi halali kwa hofu hiyo, na inaniuma, maana si kweli.

Kinachokatazwa ni kuuza kiungo kinachoipandisha tovuti ya mlipaji kwenye matokeo ya utafutaji. Makala yenyewe haina kosa. Tangu 2005 kuna alama ya nofollow, inayoiambia injini ya utafutaji isikihesabu kiungo kumpandisha mtu, na mwaka 2019 Google ikaongeza nyingine mahususi kwa kazi za kulipiwa: unaandika rel="sponsored" ndani ya kiungo, basi, injini inajua kimelipiwa.

Tazama kisa cha Januari 2012. Wanablogu walikuwa wamelipwa kuitangaza Chrome, kivinjari cha Google wenyewe. Google walipokagua, wakakuta makala moja yenye kiungo kisicho na alama. Wakaushusha ukurasa wa Chrome kwa siku zisizopungua 60. Kwa kiungo kimoja tu, na mali yao wenyewe!

Alama hiyo msomaji haioni. Yeye mwambie kwa maneno, mwanzoni kabisa: "Makala hii imelipiwa na kampuni fulani." Marekani, mwongozo wa FTC, tume inayolinda walaji, unawataja wanablogu tangu 2009. Usilifiche tangazo hilo chini kwa herufi ndogo. Msomaji wako ana haki ya kujua kabla hajaanza kusoma. Na mteja akitaka kuongeza dau ili uiondoe alama kwenye kiungo, hiyo ndiyo kazi ya kukataa.