Piktorialismu: picha ya kuhisi kabla ya kutambua

Piktorialismu ni mkondo wa upigaji picha ulioshamiri Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Kamera ya Kodak ilipotoka mwaka 1888, mtu yeyote aliweza kubonyeza na kupata picha, na wengi wakaona kwamba kazi yote inafanywa na mashine. Wapiktorialisti walikataa. Kwao, sura ya kitu haikutosha. Picha ilipaswa kubeba hisia.

Ndiyo maana waliacha jua kali la mchana wakafuata ukungu, mvua, theluji na saa za machweo. Mwaka 1893, mpiga picha Alfred Stieglitz alisimama kwa saa nyingi kwenye dhoruba ya theluji New York akisubiri wakati unaofaa wa kulipiga picha gari la farasi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni “The Flatiron” ya mpiga picha Edward Steichen, ya mwaka 1904. Jengo refu la Flatiron la New York limesimama nyuma kama kivuli, weusi wake umeachana kidogo tu na mbingu. Mbele, tawi lisilo na majani limekatiza picha. Chini yuko dereva wa gari la farasi na kofia yake ndefu, barabara imelowa, taa chache zinameta. Madirisha huwezi kuyahesabu, lakini baridi ya jioni ile unaisikia mwilini. Picha kama hii usiitazame haraka. Yaache macho yazoee kiza, kama unavyofanya ukiingia chumba kisicho na taa, na vitu vitajitokeza kimoja kimoja.

Kiza hicho hakikutoka kwenye lenzi peke yake. Wakati wa kusafisha picha, Steichen alipaka juu ya picha iliyokwisha kuchapwa kwa platini mchanganyiko wa rangi, gundi ya mgunga na dawa inayogeuzwa na mwanga. Panapopigwa na mwanga gundi hukauka ikashika. Pasipopigwa huyeyuka majini, na rangi ikaondoka nayo. Hapo mkono wa msanii huamua kiza kibaki kiasi gani.

Kwa njia hiyo, negativu moja ya Flatiron (picha ya kwanza ya kamera, ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa) ilizaa picha tatu za rangi tofauti, zote zikihifadhiwa Metropolitan Museum, New York. Ukizitazama pamoja, ni kama unaliona giza likiingia.