Kifua kinauma: ni moyo au ni mbavu?

Tunapojiandaa kwa Siku ya Moyo Duniani, tarehe 29 Septemba, swali tunaloulizwa kliniki ni lile lile: "Daktari, kifua kinauma, ni moyo?"

Mara nyingi siyo. Kwa wagonjwa wa huduma ya msingi, misuli, mbavu na gegedu zinazoshika mbavu kwenye mfupa wa kidari huchangia kati ya moja ya tano na karibu nusu ya maumivu ya kifua. Idara ya dharura ni tofauti. Huko wagonjwa wa moyo ni wengi zaidi.

Gegedu zinazosumbua zaidi ni za ubavu wa pili hadi wa tano. Huchoma ukigeuka, ukivuta pumzi ndefu au ukibonyezwa, hasa baada ya kukohoa siku nyingi au kubeba mizigo. Mtaani hicho ni "kichomi", na mtu hukimbilia dukani kununua antibayotiki. Jamani, msuli uliovutika hauna bakteria wa kuua! Nimonia nayo huitwa kichomi, ndiyo maana tunasisitiza upimwe kwanza.

Ukifika hospitali usisubiri foleni ya faili. Mwambie muuguzi wa kwanza unayemwona kwamba kifua kinauma. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10. Kisha hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, kwenye damu, na mara nyingi hurudiwa baada ya saa kadhaa, kwa sababu protini hiyo huchelewa kupanda moyo unapoumia. Wapo wanaoondoka baada ya kipimo cha kwanza kwa kuwa "kimetoka vizuri". Tafadhali, subirini cha pili.

Wala usijibonyeze nyumbani ukajipa jibu. Kuuma kwa kubonyezwa hupunguza uwezekano wa shambulio la moyo, hakuuondoi. Kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho jembamba likikutoka, njoo mara moja. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine huhisi uchovu na kukosa pumzi tu.

Ukiambiwa ni mbavu, kubali. Huweza kuuma wiki kadhaa, hata miezi. Parasetamoli na kitambaa cha moto husaidia. Mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo asimeze diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, bila kuuliza. Maumivu yakibadilika, rudi siku hiyo hiyo, hata kama tulikupima wiki iliyopita.