Baraza la zege kwenye nchi ya theluji: tunayoamini na yanayotokea

Machi iliyopita mama mmoja wa Kikenya hapa Minneapolis, Marekani, aliniita nikamtazamie baraza lake la nyuma ya nyumba, lililomwagwa Oktoba. Nilichuchumaa, nikapenyeza ukucha chini ya uso wa zege, kikainuka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha: juu laini kama sahani, chini vumbi, na pale kilipotoka kokoto zimetoa macho. “Mwanangu,” akaniuliza, “baridi ndiyo imelila hivi?”

“Hapana, mama,” nikamjibu. “Maji ndiyo yanayolila. Baridi inayasaidia tu.”

Aliyelimwaga alikuwa fundi mwenzetu, aliyejifunza kazi nyumbani kama nilivyojifunza mimi Tanga, na karibu kila alichofanya kingesifiwa kule. Ndiyo maana naandika haya. Mengi tunayokuja nayo ni kweli, ila ni kweli ya mahali ambapo maji hayagandi.

“Likipigwa niru likang'aa, maji hayapenyi”

Hili ndilo lililomponza mama yule. Nyumbani niru ni fahari ya fundi: zege likiwa bado bichi unanyunyiza saruji kavu juu, unapiga mwiko wa chuma mpaka linateleza, mwenye nyumba anapitisha kiganja na kucheka. Ndani ya nyumba haina neno. Nje, mahali panapoganda, ni kujitafutia balaa.

Zege likishamwagwa, kokoto na mchanga hutulia chini, maji hupanda juu. Utayaona yakimeta. Ukipiga mwiko kabla hayajaondoka, au ukiyafyonza kwa saruji kavu, unayafungia chini ya ngozi nyembamba. Nayo maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, na ngozi ile inabanduka. Tena mwiko ukizidi unavitoa vipovu vya hewa vilivyowekwa humo makusudi, ambavyo nitavieleza sasa hivi. Baraza la nje linamaliziwa kwa ubao na fagio: unasubiri mng'ao wa maji upotee wenyewe, unaburuta fagio mara moja kuelekea upande mmoja, unaondoka. Linaonekana kama kazi haijaisha, najua. Lakini theluji ikiyeyuka halitelezi, na sijui nani yuko tayari kuvunjika nyonga kwa ajili ya niru.

“Zege imara halina hewa hata chembe”

Tumefundishwa kushindilia zege mpaka matundu yatoke, na hilo ni sawa kwa matundu makubwa yanayoonekana. Zege la nchi ya baridi, hata hivyo, hutiwa dawa inayotengeneza vipovu visivyohesabika, vidogo kuliko milimita 1, vilivyokaribiana mno: kutoka sehemu yoyote ya saruji hadi kipovu cha jirani umbali usizidi kama milimita 0.2. Kwa jumla vinachukua karibu asilimia 6 ya zege lote. Maji yaliyo kwenye vinyweleo yakianza kuganda, husukumwa kuingia humo badala ya kupasua.

Namna jambo hili lilivyojulikana inanichekesha kila nikilikumbuka. Katikati ya miaka ya 1930 Wamarekani waliona baadhi ya barabara za zege zinastahimili majira ya baridi kuliko nyingine. Walipofuatilia wakakuta saruji yake ilisagwa kwa kuongezewa mafuta ya ng'ombe ili isagike kwa urahisi, na mafuta yale yalikuwa yakitoa povu ndani ya zege. Hakuna aliyekusudia.

Vipovu vinapunguza nguvu: kila asilimia 1 ya hewa hula kama asilimia 5. Nguvu hiyo inarudishwa kwa kupunguza maji na kuagiza zege la psi 4,500 (kipimo cha nguvu, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba) badala ya 3,000. Kwa hiyo ukipiga simu kuagiza gari la zege, usiseme “la baraza” ukaishia hapo. Sema la nje, lenye hewa asilimia 6, na dereva akifika omba karatasi ya mzigo uisome mwenyewe kabla halijamwagwa hata karai moja.

“Ongeza maji kidogo, litiririke”

Nami nimelisema hili, nikiwa kwenye toroli ya ishirini na mgongo umegoma. Lakini hesabu yake ni hii. Ili saruji ishike inahitaji maji kama robo ya uzito wake. Kwa mfuko wa kilo 50 ni lita 12 na nusu. Mengine yote tunayatia ili tuweze kulisambaza. Kwa zege la nje kwenye baridi mwisho ni 0.45 ya uzito wa saruji, yaani lita 22 na nusu kwa mfuko: ndoo moja ya lita 20 na jagi moja juu yake, ukihesabu pia maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Yanayozidi hapo hukauka baadaye na kuacha vijia vyembamba, na maji ya theluji yatapita humo humo kurudi. Kwenye zege la gari, galoni 1, yaani lita 3.8, ikiongezwa kwa kila yadi ya ujazo huondoa psi 200 hadi 300. Kama ni gumu kusambaza, kiwandani wana dawa ya kulilainisha. Mpira wa bustani uache ulipo.

“Mwaga nene, jaza nondo, halitainuka wala kupasuka”

Hapa Minneapolis misingi ya nyumba inachimbwa angalau inchi 42, kwa sababu ardhi huganda kwenda chini kiasi hicho. Kaskazini mwa jimbo letu la Minnesota ni inchi 60. Baraza lako lina unene wa inchi 4. Ukilifanya 8 bado limekaa juu ya ardhi inayoganda zaidi ya mita moja, na ardhi hiyo ikiinuka litainuka nayo, ila sasa umelilipia mara mbili.

Wengi hudhani udongo huinuka kwa sababu maji yaliyomo yamevimba. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Mwaka 1930 mwanajiolojia Stephen Taber alichapisha majaribio ambamo mahali pa maji alitumia benzini, kimiminika ambacho kikiganda hunywea, na udongo ukainuka vilevile. Kinachoinua ni barafu inayojijenga tabaka juu ya tabaka ikivuta unyevu kutoka chini, kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Udongo laini wa tope ndio utambi mzuri kuliko wote. Kokoto safi haivuti kitu.

Basi fedha ya unene ipeleke chini. Ondoa udongo mweusi wote, weka kokoto safi ya kuvunjwa isiyopungua inchi 6, ishindilie kwa mashine tabaka moja moja. Siku ya kazi wageni hawataiona, wala hakuna atakayekupongeza.

Nondo nazo hazizuii ufa. Zinaushika usifunguke, tena zikiwa zimeinuliwa hadi katikati ya zege; waya uliolala juu ya kokoto umeuzika bure. Zege hupungua likikauka, kwa hiyo litapasuka tu, na unachoweza kuamua ni wapi. Kwa unene wa inchi 4 likate kila futi 8 hadi 10, kina cha inchi 1, siku hiyo hiyo au isizidi kesho yake asubuhi. Ukichelewa litakuwa limeshajichagulia.

“Lifunge na ukuta wa nyumba lisihame”

Nyumba imesimama kwenye msingi wa inchi 42, haitikisiki. Baraza linapanda Januari na kushuka Aprili. Ukivifunga pamoja, kimoja kitavunjika. Kati yake panawekwa utepe laini wa nusu inchi unaobonyea, na baraza literemke kutoka ukutani robo inchi kwa kila futi. La futi 12 linashuka inchi 3. Liache pia chini ya kizingiti kwa inchi kadhaa. Nimewahi kuona mlango wa kusukuma nje uliogoma kufunguka Februari yote kwa sababu baraza lilipanda likauzuia, na watu wa nyumba ile wakawa wanazunguka na sufuria ya nyama choma kupitia mlango wa mbele.

“Baridi ikianza zege halimwagwi, labda utie dawa lisigande”

Linamwagwa. Zege hutoa joto lake lenyewe linaposhika, na chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mafundi hutumia maji ya moto na mablanketi mazito ya kulifunika. Lisilokubalika ni kumwaga juu ya ardhi iliyoganda, maana ikiyeyuka itazama, na kuliacha ligande kabla halijafika kama psi 500. Likigandishwa bichi linaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu zake, na hakuna kinachozirudisha. Ile wanayoiita dawa ya kuzuia kuganda mara nyingi ni kalsiamu kloraidi. Haizuii kuganda, inaharakisha kushika, isizidi asilimia 2 ya uzito wa saruji, na kwenye nondo inaleta kutu.

Tatizo la Oktoba ni jingine. Nyumbani tunamwagilia siku saba na kutandika magunia, na tuko sahihi, kwa kuwa zege hushika kwa maji, si kwa kukauka. Lakini baada ya hapo linahitaji kama mwezi mmoja wa kupumua kabla ya barafu ya kwanza. Lililoloweshwa kwa mpira mwishoni mwa Oktoba linaingia Novemba limeshiba maji. Mimi baada ya katikati ya Septemba simwagi baraza la mtu; namwambia tuonane Mei.

“Chumvi inayeyusha barafu, kwa hiyo inalisaidia zege”

Inayeyusha, kisha usiku inaganda tena, na kila mzunguko ni pigo. Zaidi ya hapo chumvi hufanya zege libaki limelowa. Majira ya baridi ya kwanza usiiguse kabisa, mwaga mchanga. Na tafadhali, mbolea zenye amonia, hata ile SA tunayoijua shambani, zisitumike kuyeyushia barafu: hizo zinalishambulia zege lenyewe kikemikali. Gari pia usiliegeshe juu yake, kwa sababu linadondosha chumvi ya barabarani.

“Nikilipaka rangi ya kung'aa limepona”

Rangi inayokaa juu kama utando huzuia maji yaliyomo yasitoke, tukarudi kwenye niru ya yule mama. Tafuta dawa ya silani au siloksani inayozama ndani, inayozuia maji kuingia ila inaacha mvuke utoke, na uipake zege likishatimiza siku 28 na likiwa kavu. Inaisha baada ya miaka michache. Kujua kama bado ipo, mwaga kikombe cha maji juu ya baraza siku ya jua: yakikaa matone matone kama kwenye jani la mgomba, iko kazini, zege likibadilika kuwa jeusi mara moja, nunua kopo jingine kabla ya Oktoba.